Kwa Nini Maktaba Yetu Hukataa Namba Isiyo na Jina

Zamani, kabla ninyi hamjajiunga nasi, namba katika maktaba yetu hazikuwa na majina. Jana nilimsikia mmoja wenu akinung'unika kwamba tunamchosha vidole, eti kila akiita amri lazima aandike hili ni joto, huu ni unyevu, kana kwamba kompyuta ni bibi harusi anayetambulishwa kwa mashangazi. Simtaji. Ila akae vizuri, maana jambo hili lina chanzo chake, na chanzo chenyewe si cha kuchekesha.

Maktaba ninayosema si ya vitabu. Ni fungu la amri zilizoandikwa mara moja, ili mtu anayetengeneza programu yake azichukue na kuzitumia bila kuanza upya. Amri zetu huendesha mashine za wafugaji. Enzi hizo, ukitaka mashine ya kutotolesha vifaranga ianze kazi, uliita amri ya kuatamia ukaipa namba mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa unyevu wa hewa, ya pili joto. Hakuna aliyesema ipi ni ipi. Nafasi ndiyo iliyosema, na sisi tuliikariri tukaona inatosha.

Aliyeiandika maktaba alikuwa Furahini Gunda, mtu nadhifu kupita kiasi, ambaye hata nyaya za mezani kwake zililazwa sambamba. Kitu kimoja kilimkera. Amri nyingine zote zilitanguliza joto, isipokuwa hiyo ya kuatamia. Basi siku moja akainyoosha. Akaweka joto mbele na unyevu nyuma, akaeleza katika taarifa ya toleo jipya kwamba mpangilio umebadilika, akaenda nyumbani na moyo mweupe. Tulimpongeza. Ile taarifa, sidhani kama kuna aliyeisoma hadi mwisho.

Huko vijijini Singida kulikuwa na chama cha wafugaji chenye mashine iliyotumia maktaba yetu. Ndani ya mashine hiyo, majuma hayo, yalikuwamo mayai ya Bibi Salima Ntandu.

Ukoo wa Bibi Salima ulikuwa na kuku wake, wekundu, wenye kishungi, ambao bibi yake mwenyewe alikuja nao alipoolewa. Kila binti wa nyumba ile alipotoka kwenda kwa mumewe alibeba tetea mmoja wa mbegu hiyo, ili huko aendako asiwe mgeni kabisa. Kisha mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukapita hapo na kote walikoolewa mabinti. Kwa muda mfupi tu uwanja ukabaki na manyoya. Yalisalia mayai yaliyotagwa kabla ya ugonjwa, na hakukuwa na kuku hata mmoja wa kuyalalia. Mjukuu wake, Zubeda, alikuwa ameshachumbiwa.

Bibi akayabeba mayai kwa kanga hadi kwenye chama. "Wanangu," aliwaambia waliomo, "haya ndiyo yaliyobaki. Nyuma ya haya sina kitu."

Wakayaweka kwenye mashine. Bibi alikuwa akifika kila mara kuyamulika kwa tochi, naye aliiona mishipa ikitambaa na kitu kidogo kikidunda ndani. Alirudi nyumbani akiimba.

Kisha mtandao, uliokuwa umekatika, ukarudi, na mashine ikajivutia toleo jipya la maktaba. Programu ya mashine ilikuwa bado inasema kwa mpangilio wa kale: hamsini na nane, thelathini na saba. Zamani maana yake ilikuwa unyevu hamsini na nane, joto thelathini na saba. Sasa ikawa joto hamsini na nane. Hakuna king'ora kilicholia. Mashine ilitii tu, ikapasha, ikapasha. Asubuhi walipofungua mlango walikutana na harufu ya mayai ya kuchemsha.

Mimi na Furahini tulikwenda. Tulimkuta Bibi Salima uani, mayai yako mbele yake kwenye ungo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mimi ndiye niliyebadilisha mpangilio," Furahini alisema.

Bibi aligeuka kumtazama. "Ulikusudia?"

"Hapana, Bibi. Haki ya Mungu."

"Basi nisaidie kuchimba."

Furahini akachimba nyuma ya jiko, na shati lake jeupe. Kumbe kila yai lilikuwa na alama ya mkaa, kuonyesha ni kuku gani aliyelitaga. Bibi akaanza kuyashusha shimoni, na kila aliposhusha moja alilitaja. "Hili la Kishungi. Hili la Machozi. Hili la Kishungi tena. Hili la Mkwe." Hakulikosea hata moja, wala hakuliweka hata moja kimya. Nilimwona Furahini ameshika jembe, machozi yanamtoka, naye hakujaribu kuyaficha.

Tulipokaribia mjini Furahini aliniambia, "Mimi nilizipanga tu. Sikuwahi kuzitaja."

Akaiandika maktaba upya. Kuanzia hapo amri zetu zikawa hazipokei namba mpaka itajwe ni ya nini, na ukishaitaja, iweke mbele au nyuma, haidhuru. Programu zote za kale ziligoma siku ileile. Tulitukanwa kwenye simu na wateja wa kila mkoa. Furahini alimjibu kila mmoja kwa upole kwamba ni heri igome kuliko itii, kisha akamsaidia kurekebisha.

Alikwenda pia kumweleza Bibi Salima. Bibi alimsikiliza, akauliza, "Itanirudishia wangu?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Iwafae wengine."

Zubeda aliolewa baada ya mavuno. Alitoka nyumbani na tenga la kuku, tupu, na bibi yake ndiye aliyelifunga kifuniko kwa mkono wake. Kuku wale hawapo tena popote. Inaniuma hadi leo, na sioni aibu kuwaambia hivyo.

Na tangu hapo, yeyote anayeitupia maktaba yetu namba tupu, iwe ya joto, ya maji au ya dawa, kazi husimama papo hapo, na kwenye kioo hutokea maneno aliyoyaandika Furahini mwenyewe: Hii ni ya nini? Ukiulizwa hivyo usinune. Jibu, kisha uendelee na kazi yako.