Kiua Kisichoonekana na Aliyesimama

Kulikuwa na mama mmoja kijana, ameolewa huko juu milimani, ambako umande haukauki mpaka jua lipande sana. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yanamkaukia. Mtoto analia, mashavu yanabonyea, na mama, hata akiambiwa apumzike, hatulii. Ananyonyesha amesimama, mguu mmoja unasukuma kuni jikoni. Aliogopa mawifi wasije wakasema kaka yao ameoa mvivu.

Mama mkwe wake akamwita. Akamwambia kuna kiua kwenye majani mabichi juu ya chemchemi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, cha zambarau, katikati njano, na jani lake lina vinyweleo upande wa chini. "Niletee hicho. Na mtoto umbebe."

Akaenda mbio, akachuma cha kwanza alichokiona. Mama mkwe akakigeuza: katikati cheupe. Akamrudisha. Cha pili kilikuwa na njano, lakini jani laini kama limepakwa mafuta. Akamrudisha tena. Je, wewe ungekwenda? Mtoto analia mgongoni, nyumba haijafagiwa, na mtu anakutuma maua?

Alikwenda, machozi yakimlengalenga. Akazunguka, anainama, anainuka, haoni kitu. Mtoto akalia hata sauti ikakauka. Basi miguu ikamwishia nguvu, akaketi palepale kwenye unyevu, akampakata, akampa ziwa. Hapakuwa na kuni za kusukuma. Hapakuwa na wifi. Mtoto akanyonya, akanyonya, mpaka mama akasikia anavyomeza.

Ndipo alipotazama kando ya goti lake. Zambarau. Katikati njano. Akageuza jani kwa kidole: vinyweleo. Na vingine vingi hapohapo, vimelazwa na nyayo zake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, mama mkwe hakukitazama kiua. Alimtazama mtoto, amelala, maziwa kidevuni.

"Nikichemshe, mama?"

"Hicho si dawa, mwanangu. Ila hakionekani na mtu aliyesimama. Nilikuambia pumzika, ukashika ufagio. Ningekuambiaje tena?"

Wapendwa, na sisi je? Mungu anatuambia tulieni, tunashika ufagio. Kisha jambo linakwama, tunarudishwa tulikotoka, tunanung'unika kwamba anatuzungusha. Umejuaje kama hakutafutii mahali pa kukaa?

Wewe mama uliyekuja leo na moyo umeuacha jikoni, kaa. Mtoto anyonye.