Nyasi za Mwenyekiti

"Marekebisho ya Tatu ya Ratiba ya Kumwagilia Nyasi za Makazi kwa Majitaka Yaliyosafishwa," alisoma Mwenyekiti Lyatuu akiwa amesimama mbele ya mkutano wa wakazi, kisha akafafanua kwamba zamu ya maji ya jirani yake, Mama Ndeshi, sasa ilikuwa yake yeye Mwenyekiti.

Mama Ndeshi alishtuka. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, na ng'ombe wake wa maziwa hakuwa na malisho mengine ila nyasi za ua wake.

Akawaza haraka.

"Haya, chukua, Mwenyekiti," alisema kwa unyonge. "Ila nyasi zikinywa zamu mbili, itabidi uzifyeke kila wiki. Chonde chonde, usije ukanituma mimi kuzizoa. Mgongo wenyewe ndio huu!"

"Ala! Unanipangia?" Lyatuu aling'aka. "Katibu, andika: atakayezoa ni Mama Ndeshi, mpaka mvua zinyeshe."

"Jamani, zote?"

"Zote! Nisikute hata unyasi mmoja."

Mama Ndeshi akajifunga kanga kiunoni, akaondoka akiguna njia nzima.

Kiangazi chote Lyatuu alimwagilia, mtunza bustani wake akafyeka, na ng'ombe wa Mama Ndeshi akala.