Kiti cha Mavuno cha Mbomeni

Sogeeni karibu, nina jambo limenishinda kulibeba peke yangu.

Kijijini kwetu Mbomeni maji ya mfereji ni machache, lakini tulikuwa na watu watatu wa kuyasimamia. Nakijwa alijua kusikiliza. Mkigombana, mnatoka kwake mmeridhika wote wawili. Mchome alijua kugawa, hakumpunja mtu hata kata moja. Senkondo alijua kulinda. Mama mkwe wake alipotaka maji nje ya zamu, alimrudisha nyumbani, kwa adabu zote.

Ukame ukaja. Vijiji vya jirani watu walikatana mapanga. Sisi tulivuna, tena harusi tukafanya.

Sheria yetu ni hii: pembe ikilia, mwenye zamu aje afungue mwenyewe maji ya shamba lake. Asipokuja, zamu imempita. Namcheja, ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji, aliisikia pembe akiwa amempakata mumewe anakata roho. Hakuja.

Baada ya maziko alimwendea Nakijwa. Nakijwa alilia naye, kisha akasema, "Mwanangu, nikikupindishia wewe sheria, kesho nitamkatalia nani?"

Akaenda kwa Mchome. Maji ya ziada yalikuwepo, ya nusu siku nzima. Mchome alikuwa ameshayagawa sawa kwa kila shamba lililomwagiliwa. "Sikutaka manung'uniko, dada yangu," akamwambia.

Akamfuata Senkondo mferejini, ameshika ndoo. "Shemeji, ndoo moja tu, niokoe hata mahindi ya mbegu." Senkondo akatazama pembeni. "Shemeji, usinitie majaribuni."

Mahindi yakakauka. Namcheja akafunga virago, akahama na watoto wake.

Siku ya mavuno, aliyetusimamia vyema kuliko wote hukalishwa kwenye kiti na kupewa kibuyu cha kwanza cha pombe ya miwa. Kwanza lakini mpiga pembe huuliza mara tatu: "Kuna mwenye kinyongo?" Watu wakinyamaza, basi tumetawaliwa vizuri. Akauliza mara tatu. Kimya. Vigelegele vikapigwa.

Nakijwa akasema, "Mimi sikikalii. Nilimsikiliza, halafu nikamfanyia nini?"

"Maji yalikuwa mikononi mwangu," akasema Mchome. "Mimi ndiye mwenye kosa."

Senkondo naye alikuwa analia mbele za watu, mtu mzima yule.

Sasa desturi inasema kiti kisipokaliwa, wasimamizi wapya hawateuliwi na mfereji haufunguliwi. Lazima mmoja wao akae.

Nami nilikuwepo. Maji yale ya ziada yalifika hadi shambani kwangu. Nilipoulizwa kama kuna mwenye kinyongo nilimkumbuka Namcheja, nikanyamaza, kwa kuwa ghala langu lilikuwa limejaa. Naona haya mpaka leo.

Haya, niamulieni: kiti apewe nani kati ya hawa watatu? Na wewe unayesema hakuna anayestahili, je, utakuja Mbomeni kuwaambia watoto wetu kwamba mwaka huu hatulimi?