Programu ya Pilau na Ukoko Mmoja

Hapo zamani, si zamani ya mbali, mimi mwenyewe bado nina nywele za kuchana, palikuwa na harusi katika mji wa Kibambazi. Bibi harusi ni Riziki. Wageni ni mia tisa, na hapo mimi sijahesabiwa, maana mimi sialikwi, natokea tu.

Jiko moja halikutosha. Pilau ikapangiwa majiko matatu: jiko la kwao bibi harusi, jiko la kwao bwana harusi na jiko la majirani. Naye mama wa bwana harusi, Bi Saumu, mwanamke ambaye hata paka wake hubisha hodi, akatangaza:

"Vyungu vitatu, ladha moja! Pilau ikiniaibisha mbele ya watu wangu, namchukua mwanangu narudi naye nyumbani, na kanzu yake!"

Kisha akawaapisha wapishi wasitie hata punje ya kitu ambacho programu haikusema.

Programu gani? Subirini. Mpishi mkuu wa mji alikuwa amekwenda hija, simu ameizima. Lakini kabla ya kuondoka alimtajia mpwa wake, Somoe, vipimo vyake vyote, naye Somoe akavitia katika programu ya kompyuta. Programu ile ilikaa na mpishi kama mpishi mwenzake: chungu kikubwa kiasi gani? Kuni zinawaka? Haya, sasa tia hiki, sasa tia kile. Na Somoe hakuifungia. Aliigawa bure na wazi: anayetaka achungulie ndani, anayetaka arekebishe, anayetaka ampe jirani.

Ila ilifanya kazi kwenye kompyuta moja tu duniani, ya Somoe, aliyoiunga kwa vipande vya kompyuta tatu marehemu. Ukiisogeza inazimika. Na majikoni, kwao bibi harusi walikuwa na kompyuta ya Madirisha, kwao bwana harusi ya Tofaa, majirani ya Pengwini. Koo tatu hizo za kompyuta: chakula cha huyu ni mwiko kwa yule.

"Kwangu inafanya kazi!" akasema Somoe.

"Kwako hatuoani," akajibu Bi Saumu.

Wakajitokeza watu watatu kuifunga programu kama kifurushi cha safari, kila mmoja kwa kompyuta ya jiko lake.

Mzee Makame akaenda kwenye Madirisha. Akafunga programu na kila kitu ambacho ingeweza kuhitaji, kifurushi kikawa kama mtu anayehamisha nyumba nzima kwa sababu ya kigoda. Mlinzi aliyemo ndani ya kompyuta akapiga kelele: "Hatari! Haijulikani ilikotoka!" Akaimeza. Makame akairudisha, ikamezwa. Akairudisha, ikamezwa. Mimi nimepekuliwa forodha za nchi kumi na moja, mojawapo walitandaza chupi zangu mezani kama nyanya, lakini sijaona upekuzi kama ule. Mara ya saba mlinzi akachoka. Ikapita.

Mwanakheri akaenda kwenye Tofaa. Huko mlinzi haulizi umebeba nini. Anauliza mdhamini wako nani. Mwanakheri akaandika jina lake kamili. "Ikiharibu kitu, nishikwe mimi." Bi Saumu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akalisoma lile jina mara mbili.

Faki akaenda kwenye Pengwini. Watu wa huko hawali kilichofungwa na mwingine. Faki akatengeneza ndani ya kompyuta chumba kitupu, akaanza kuijenga programu upya, akiingiza tu yale Somoe aliyoyaandika kwamba yanahitajika.

Kwa Makame vigelegele. Kwa Mwanakheri vigelegele. Nyama inachemka. Kwa Faki, kimya.

"Wee Faki, unafunga programu au unafunga Ramadhani?" wakamcheka.

Riziki, hina haijakauka mikononi, akachungulia dirishani. "Jamani, naolewa au siolewi?"

Mara Faki akatoka mbio. "Dada Somoe! Chumvi iko wapi?"

"Imo."

"Haimo! Nimeingiza kila ulichoandika, nikachungulia ndani, nakuta chumvi sifuri!"

"Kwangu inafanya kazi!"

"Ndiyo, kwako!"

Somoe akakimbia nyumbani. Kumbe faili la chumvi alikuwa ameliacha nje ya programu, pembeni kwenye kompyuta yake. Kila akiiwasha, programu ilinyoosha mkono pale pembeni, ikachota. Kwa wengine ilinyoosha mkono, ikashika hewa, ikanyamaza. Vyungu viwili vilikuwa jikoni bila chumvi, na wapishi wamekula kiapo!

Somoe akalitia faili ndani mara moja. Lakini vifurushi ilibidi vifungwe upya. Kwa Makame mlinzi akaanza upya: hatari! Akaimeza. Makame akavua koti, akavua na kofia, akairudisha mpaka ikapita. Kwa Mwanakheri, Bi Saumu akasimama mlangoni.

"Ulinidhaminia kitu kisicho na chumvi. Unadhamini tena?"

"Nadhamini tena, mama."

Chumvi ikaingia vyungu vyote vitatu, mchele ukafuata. Bi Saumu akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Akaonja cha tatu. Akalamba kijiko polepole mpaka bwana harusi akaanza kufungua vifungo vya kanzu. Kisha akasema, "Niongezeeni."

Riziki akaolewa.

Sasa Kibambazi wana desturi: ukoko wa chungu kikubwa hubanduliwa mzima kama kofia, haukatwi, nao hupewa mtu mmoja tu, aliyeiokoa shughuli.

"Ni wangu," akasema Somoe. "Bila mimi mngefunga nini?"

"Wewe ndiye uliyesahau chumvi!" akasema Faki. "Niliyeona ni mimi."

"Umeona umechelewa, nyama inachemka," akasema Mzee Makame. "Na kuona hakuingizi chumvi chunguni. Mimi nimemezwa mara kumi na tatu!"

"Ninyi mlihatarisha jasho," akasema Mwanakheri. "Mimi nilihatarisha jina, mbele ya mama huyu."

"Uliidhamini programu bila kuionja," akasema Faki.

"Na mara ya pili pia!" akasema Mwanakheri, na hakuna aliyejua kama anajitetea au anajishitaki.

Wote wakamgeukia Bi Saumu. Bi Saumu akawageukia wageni. Basi nami nawageukia ninyi. Semeni upesi, maana sinia la ukoko nimepewa mimi nilishike, na tayari upande mmoja umepungua. Je, nani alistahili?