Turubai la Zamu ya Mchana

"Sumu haina zamu," alisema Bibi Milembe, na alisema kwa ukali, maana maharage ya jioni yalikuwa yameungua mpaka chini ya sufuria pamekuwa mkaa mtupu. Mjukuu wake Kang'wa alikuwa ameketi karibu kabisa na jiko. Alinusa moshi tangu ulipoanza, wala hakunyanyuka. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kaka yake Maige kupika, na Maige alikuwa ametoka mara moja kufuata chumvi dukani. Alipobanwa, Kang'wa hakuficha: kila siku nyumba nzima inamsifu Maige kwa mapishi, basi leo naye wamsifu kwa mkaa.

Maige aliporudi, wote wawili waliuliza sumu imeingiaje kwenye maharage. Bibi aliwapa sufuria waikwangue, mmoja huku na mwingine kule, kisha akavuta kigoda. Aliwaambia kwamba methali hii haikuachwa na mababu wa kale ambao watu huwasingizia kila neno. Ilizaliwa papa hapa Isunzu, mchana kweupe, na ilianza hivi.

Kabla barabara ya lami haijafika, Isunzu palikuwa na ghala kubwa kando ya reli. Treni ilileta masanduku ya mbao yenye mifuko ya sianidi, sumu inayotumika migodini kutolea dhahabu. Ilikuwa vibonge vyeupe, vidogo kama mayai ya njiwa. Wachukuzi waliyashusha masanduku kutoka behewani, wakayapanga ghalani, na malori ya migodi yakaja kuyachukua. Vibonge vile vikiwa vikavu vilikaa kimya. Vikipata maji viliyeyuka, vikatoa mvuke wa kuua mtu, na maji yenyewe yakawa mauti kokote yalikotiririka. Kwa hiyo kila mchukuzi, kabla hajashika sanduku lake la kwanza, alifundishwa maneno haya mpaka ayaseme hata usingizini: upepo mgongoni, watu mbali, turubai juu, maji marufuku.

Kazi ilikuwa ya zamu mbili. Ya asubuhi iliongozwa na Sitta Mayunga, ya mchana na Luhende Mabuga. Zamani vifaa vilikuwa vikipotea na zamu zikitupiana lawama, ndipo mkuu wa ghala akaleta makabati mawili na kufuli mbili. Kila zamu ikawa na turubai lake, mabeleshi yake na barakoa zake, na ufunguo ukakaa kwa kiongozi. Mpaka kati ya zamu na zamu ulikuwa kengele, kipande cha reli kilichoning'inizwa getini. Kilichomwagika kabla haijagongwa kilikuwa aibu ya waliomo ndani. Kilichomwagika baada yake kilikuwa aibu ya wanaoingia.

Sitta na Luhende walianza kazi siku moja. Walipanga chumba kimoja, na hata shati la kwenda kuposa waliazimana. Halafu ikaja habari ya fahali. Kila mwisho wa mwaka, zamu ambayo haikumwaga hata kibonge ilipewa fahali, naye alichinjwa nyumbani kwa kiongozi wake. Miaka mitatu mfululizo fahali alifungwa uani kwa Sitta. Nkwimba, mke wa Luhende, alikwenda kusaidia kupika kama wanawake wengine, akarudi na bakuli la nyama mkononi na sifa mdomoni.

"Sitta hana makuu," alisema. "Alitupokea mwenyewe mlangoni, mkubwa kwa mdogo."

Luhende aliila nyama ile, ikamshuka kama kokoto. Alikuwa na wivu, na hakuna neno zuri zaidi la kulifunika jambo hilo. Alimwonea wivu Sitta kwa cheko lake, kwa wachukuzi waliomkimbilia kabla hajaita, hata kwa mbwa wa getini aliyemtikisia mkia Sitta na kumpa yeye kisogo. Mbwa wa watu! Mwenyewe aliona haya kumwonea mtu wivu kwa sababu ya mbwa, lakini haya haijapata kumponya mtu wivu. Na sasa ulikuwa umezuka uvumi kwamba mmoja wao atafanywa msimamizi wa ghala zima chini ya mkuu, yule ambaye zamu yake itamaliza mwaka ikiwa safi. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha na hakuna aliyekuwa amemwaga. Luhende aliomba Sitta amwage. Kidogo tu, alijiambia. Sanduku moja, lisimdhuru mtu.

Likaja hilo sanduku. Mchana mmoja wa vuli, zamu ya Sitta ikiwa ukingoni, mnyororo wa winchi uliteleza. Masanduku mawili yaliyokuwa yananing'inia yalianguka kwenye uwanja ulio wazi kati ya behewa na ghala, moja huku, jingine kule, yakapasuka, na vibonge vikatawanyika mpaka karibu na mtaro.

Sitta alipuliza filimbi. Aliwaondoa watu wote na kuwaweka upande upepo unakotoka, akavaa barakoa, akalifunika rundo la kwanza kwa turubai la zamu yake. Halikutosha kufika rundo la pili. Akainua macho, akaona wingu jeusi limesimama juu ya reli.

Luhende na watu wake walikuwa wameshafika, wamesimama kwa ndani ya geti karibu na makabati, wanangoja kengele. Alipoona weupe ule chini, moyo ulimruka kwa furaha. Aliijua kuwa ni furaha mbaya, akaikaribisha hivyo hivyo.

Sitta alimjia mbio, barakoa kaivuta shingoni ili asikike.

"Ndugu yangu, fungua kabati lako. Nipe turubai."

"Kengele haijagongwa," alisema Luhende.

"Mvua hiyo, Luhende! Mtaro huu unakwenda lamboni, kwenye maji ya kunywa ya kijiji chote, nawe unajua."

"Najua. Na kitabu cha ghala kinajua hii ni zamu ya nani. Nikikufungulia mimi, kesho watasema tulimwaga wote."

"Waambie nilimwaga mimi. Nitasema mwenyewe mbele ya mkuu. Nipe turubai."

Hapo ndipo Luhende angeweza kutoa ufunguo bila kupoteza kitu, na hapo ndipo wivu ulipomkaba zaidi. Hata kuanguka, Sitta alikuwa anaanguka vizuri! Anakiri mbele ya watu, kichwa juu, na watu wanamtazama kwa huruma. Luhende hakutaka Sitta ahurumiwe. Alitaka aonekane mtu wa kawaida, aliyehangaika na kushindwa.

Shija, mmoja wa watu wa Luhende, aliingilia. "Mkubwa, si tumpe tu? Turubai halina jina."

"Wewe unafanya kazi kwangu au kwake?" Luhende alimkata.

Sitta hakuomba tena. Alirudi na wenzake wachache wenye barakoa, wakaanza kuzoa kwa mabeleshi, wakitia vibonge kwenye mapipa makavu na kuyafunga vifuniko. Walifanya haraka, na laiti mvua ingesubiri kidogo wangemaliza. Haikusubiri. Matone ya kwanza yalipiga bati la ghala, na Luhende alikuwa bado ameushikilia ule ufunguo mfukoni, jasho limeulowesha.

Vibonge vilivyobaki vilianza kulegea na kung'aa. Sitta aliwaamuru watu wake watoke, akabaki peke yake akiburuta viroba vya mchanga kuziba mtaro. Mvua ilikuwa na kelele, na kila alipotaka kusema neno aliivua barakoa. Aliivua mara nyingi, maana hakuacha kuwaita watu wajiepushe na upepo ulioanza kugeuka.

Luhende alitazama chini. Mkondo mwembamba wa maji yenye weupe, uliotangulia viroba vya Sitta, ulikuwa unapita mbele ya viatu vyake, unatoka getini, unashika njia ya lamboni. Ulipita zamu ya asubuhi, ukapita zamu ya mchana, wala haukugeuza shingo. Lamboni, saa kama hizo, Nkwimba alikuwa akiteka maji.

"Shija, kimbia lamboni!" alipiga kelele. "Mtu asiteke! Ng'ombe waondolewe! Kimbia!"

Kisha akafungua kabati. Alivaa barakoa, akalibeba turubai mabegani, akakimbilia uwanjani, na alipokuwa anafika, mlinzi wa geti akaigonga kengele, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika.

"Toka, Sitta!" Luhende alisema. "Sasa ni zamu yangu. Toka!"

Sitta alikuwa amepiga magoti, macho mekundu, kifua kinapanda na kushuka. Alinyoosha mkono akakamata pembe ya turubai.

"Shika upande huo," alisema. "Sumu haina zamu."

Wakalivuta pamoja, wakalifunika rundo, wakaweka viroba juu ya kingo. Kiroba cha mwisho kilipowekwa, Sitta alilala juu yake kama mtu aliyechoka. Luhende alimbeba mpaka nje ya geti, upande wa upepo safi, akamwita jina, akamkumbusha chumba chao na shati lao. Sitta hakufika hospitali.

Shija alifika lamboni mbele ya maji. Hakuna mtu aliyekufa kule. Ng'ombe wachache waliokunywa mtaroni walianguka papo hapo, na lambo likazungushiwa miiba mpaka wataalamu walipokuja na dawa ya kuua makali ya sumu ile.

Kwenye mazishi walikuja watu wengi kuliko Isunzu ilivyowahi kuona pamoja. Walijaa kutoka kaburini mpaka relini. Wachukuzi wa zamu zote mbili walilia kama watoto, na wanawake, Nkwimba akiwa katikati yao, walimlilia Sitta kwa jina la mama yake. Luhende alisimama mbele, maana alitakiwa aseme neno kama mwenzake wa tangu ujana. Aliwatazama watu wale wote, na wazo likamjia kabla hajaweza kulizuia: *Nikifa mimi, watakuja wangapi?*

Alimwonea wivu maiti. Mwenzake yumo kaburini, udongo haujakauka, na wivu umeshafika, umesimama naye pale pale kama umealikwa. Luhende aliogopa siku ile kuliko alivyoogopa uwanjani. Akaketi chini mbele ya umati.

"Turubai lilikuwa kabatini kwangu," alisema. "Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Aliniomba nikamnyima, kwa wivu tu. Naye akaniambia sumu haina zamu. Nilidhani anasema ile ya masandukuni."

Nkwimba alijifunika khanga usoni. Watu waliondoka mmoja mmoja wakimzunguka pale chini, na Shija peke yake ndiye aliyemshika mkono akamwinua. Usimamizi wa ghala alipewa mtu wa mbali, Luhende akafukuzwa kazi, na kufuli za makabati zikatupwa.

Bibi Milembe aliishia hapo. Kang'wa alikuwa ameacha kukwangua.

"Ule wivu wake ulikwisha, Bibi?" aliuliza.

"Ungekwisha ningekuwa nakuhadithia nini? Uzeeni alikuwa akisema mwenyewe: unakuja arusini, unakuja msibani, unamkuta anakula, unamkuta anaswali. Akiuona tu, anauzoa palepale, ukiwa bado mkavu. Hangojei hata uketi."

"Kwa nini asingoje?" aliuliza Maige. "Labda ungeondoka wenyewe."

Bibi alifungua mdomo ajibu, lakini Kang'wa alimtangulia. Hakumtazama kaka yake. Aliinamia sufuria, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Sumu haina zamu."