Boila Lililomsubiri Matiko

Fimbo iliyo mbali, hata ikiwa ya mpingo, haimfai mtu ambaye nyoka amekwisha kuingia nyumbani kwake. Nyoka hasubiri fimbo ifuatwe. Maana yake ni kwamba saa ya hatari humfaa mtu msaada ulio karibu, siyo ule aupendao ulioko mbali. Mzee Werema wa Mugumu aliijua methali hii tangu akichunga ng'ombe kwao Gorong'a. Kuijua aliijua. Kuifuata ndiko kulikomshinda.

Mzee Werema na mkewe Robi walikuwa na hoteli ndogo pale Mugumu. Wageni waliotoka mbugani wakiwa wekundu kwa vumbi kama matofali ya kuchoma waliipenda kwa jambo moja tu, maji ya moto. Vitanda vilikuwa vya kawaida, chai ya kawaida, lakini ukifungua bomba maji yalikuja yakifuka mvuke. Boila la umeme, pampu na jenereta, vyote vilifungwa na kijana wao wa pekee, Matiko, alipomaliza chuo cha ufundi. Alivifunga katika chumba cha uani, na kwa kuwa alivipenda kama wengine wapendavyo ng'ombe, akaweka kitanda chake humo humo.

Kisha Matiko akapata kazi Uarabuni, kutunza mitambo ya hoteli kubwa ya ghorofa. Akaenda. Kitanda kikabaki kimetandikwa. Shati lake la kazi likabaki kwenye msumari, na Robi hakulifua. Kila alipoingia kufagia alilinusa kwanza, grisi na jasho la mwanawe, ndipo akashika ufagio.

Mzee Werema yeye hakuingia. Kwa mila aliyolelewa nayo, mtoto wa kiume akishatahiriwa na kuwa na mahali pake pa kulala, baba haingii humo. Watu wengine waliona chumba cha mashine. Mzee aliona kitanda, na penye kitanda cha Matiko palikuwa nyumbani kwa Matiko. Aliishia mlangoni.

Mashine nazo huchoka kama binadamu. Pampu ikaanza kukohoa, boila likaanza kuguna. Robi akaona asinyamaze, akamwita Hamidu, fundi wa mitambo aliyekuwa na karakana karibu na soko. Huyu hakuajiriwa na mtu. Alifanya mkataba na hoteli moja moja, akapita kukagua kila mwezi, na akiitwa alikuja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nawe ni fundi wa namna gani?"

"Wa kujitegemea, mzee. Silali kwako, sili kwako. Nakuja na vifaa vyangu, nakagua, naondoka. Kitu kikigoma unanipigia, nafika kabla chai yako haijapoa."

"Wa kujitegemea!" Mzee akamtazama Robi, akamtazama tena Hamidu. "Sasa wewe ukijitegemea, mimi nitamtegemea nani?"

"Utautegemea mkataba, mzee."

"Huo mkataba unashika spana?"

Hamidu akacheka, maana utani wa wazee wa huko aliuzoea. "Basi nionyeshe hilo boila tu, hata bure. Nimelisikia tangu barabarani, nikadhani una ng'ombe anazaa."

"Lina mwenyewe," mzee akasema. "Mwenyewe atarudi."

"Lini, mzee?"

Swali hilo dogo lilimchoma mzee kama mwiba kwenye kisigino. Akasimama, akachukua kofia yake, na mazungumzo yakaishia hapo. Hamidu alimwachia Robi namba ya simu, akaenda zake.

Jioni ile Robi alipita uani na kuni za jikoni, akamkuta mumewe amesimama kwenye mlango wa chumba cha boila. Alikuwa amefunga simu kwenye ncha ya bakora yake kwa mpira, ameinyoosha ndani mpaka karibu na boila, yeye mwenyewe miguu ikiwa nje ya kizingiti. Sauti ya Matiko ilitoka humo ndani kana kwamba yuko kitandani pake, akimwita baba yake "tata" kama ilivyo kwao.

"Sogeza kidogo, tata. Hapo. Nalisikia."

"Linasemaje?"

"Linalalamika. Tata, mmekula? Yule ng'ombe wetu mweusi kule Gorong'a amezaa?"

"Amezaa jike! Ana doa jeupe usoni kama la mama yake. Nimesema hana jina mpaka uje umpe wewe."

Mzee aliyekuwa mkali kama pilipili kichaa alikuwa anacheka taratibu kama msichana anayeposwa. Robi akarudi nyuma ili mumewe asimsikie. Sasa alielewa. Mashine zikiwa nzima, Matiko alipiga simu, akasalimu, akakata, kwa sababu kazi zilimbana. Zikiharibika, waliongea mpaka vocha ikaisha. Mzee Werema hakuwa analitunza boila. Alikuwa anautunza ugonjwa wake.

Na sauti ile hata Robi aliitaka. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko na kuni zake mkononi, akaisikiliza mpaka mwisho.

"Tata, nisikilize vizuri," Matiko alisema. "Ile vali ya juu ndiyo hutoa mvuke ukizidi. Kama inadondosha maji, imechoka. Muiteni fundi hapo hapo Mugumu aibadilishe. Msingoje."

"Sawa, mwanangu."

Alijibu "sawa" kama mtoto anayeambiwa akaoge, na fundi hakuitwa.

Ukafika msimu wa nyumbu, hoteli ikajaa hadi wageni wengine wakarudishwa. Asubuhi moja boila likaanza kuvuma, si kuguna tena. Mvumo ukapanda, mabomba yakatetemeka ukutani, na vali ya juu haikudondosha hata tone, maana ilikuwa imekwama kabisa. Mzee akakimbilia mlangoni pa chumba cha boila, akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kule ugenini Matiko alikuwa kazini, na wakiwa kazini simu zao huwekwa kwenye makabati.

"Baba Matiko, nimpigie Hamidu?" Robi aliuliza.

"Ngoja. Akiona nimepiga atapiga."

"Baba Matiko, linalia vibaya!"

"Nimesema ngoja, mwanamke! Kijana atapiga!"

Waisiko, mpishi wao, hakungoja ruhusa ya mtu. Alichukua simu ya mama, akampigia Hamidu. Lakini Robi alikuwa amekwisha kuona kwamba mumewe hataingia na boila halitanyamaza. Swichi ilikuwa humo ndani, nyuma ya kitanda. Hofu haina akili. Hakuna aliyekumbuka swichi kubwa ya hoteli nzima iliyokuwa mapokezi. Robi akajifunga kanga kiunoni, akaingia.

Bomba likachomoka. Maji yaliyokuwa yakichemka yakamwagikia bega lake la kulia na mkono mzima. Ukelele wake ulisikika hadi sokoni. Hapo ndipo Mzee Werema alipovuka kizingiti cha mwanawe, akamkumbata mkewe katika mvuke ule, akamtoa nje.

Hamidu alifika na pikipiki, chai ya wageni ikiwa bado mezani. Alikata umeme pale pale mapokezi, akafunga maji, akawaambia wammwagie mama maji baridi bila kuacha mpaka gari la kumpeleka hospitali lipatikane. Aliokota shati la Matiko lililoangukia kwenye maji, akalikamua, akalianika.

Jioni hospitalini simu ikalia.

"Tata, nimeona umepiga. Boila linasemaje leo?"

Mzee akamweleza. Kule upande wa pili kilio kilikuja polepole, cha mtu mzima asiyejua kulia.

"Tata, nilikwambia umwite fundi. Kwa nini hukumwita?"

Mzee Werema aliutazama mkono wa mkewe uliofungwa bandeji mpaka vidoleni.

"Ningemwita," akasema, "wewe ungepiga lini?"

Robi, aliyekuwa amelala kwa upande, alifumba macho yake.

Siku hizi Hamidu ana mkataba na hoteli ile. Kitanda kimehamishwa, na kile ni chumba cha boila tu. Mashine zinafanya kazi kimya. Mkono wa Robi umepona ngozi, ila vidole haviwezi tena kushika mwiko, Waisiko ndiye anayesonga ugali. Matiko anapiga simu, anasalimu, anasema yu mzima, anakata. Mzee hubaki ameishika simu kifuani mpaka mwanga wake uzimike.

Basi mzazi, mtamani mwanao, mwombee, mwekee hata ndama bila jina. Hilo hakukatazi mtu. Lakini mashine ikivuma, mwite aliye jirani. Na wewe kijana uliye ugenini, piga simu hata kama hakuna kilichoharibika. Robi aliungua akiwa na mtoto fundi hodari kuliko wengi, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka.