Mwekezaji wa Rangi Tatu

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa bado na nyumba zenye milango na masufuria jikoni, kijiji cha Mbugani kilikuwa na lambo moja tu. Na ukingo wa lambo lenyewe ulikuwa umepasuka.

Digidigi alichungulia maji yaliyobaki, akashika kichwa. "Lahaula! Matope matupu! Wanangu watakunywa nini?"

Mashine ya kukamua alizeti ndiyo iliyoyamaliza. Ilikuwa ya Kifaru, mwekezaji kutoka ng'ambo ya mto. Alipokuja, kijiji kizima kilipiga vigelegele, maana kila nyumba ilikuwa na alizeti na hakuna iliyokuwa na mashine. Ila desturi ya Mbugani ilikuwa hii: mgeni hashiki koleo kutengeneza lambo mpaka masika matatu yapite. Kifaru yule wa kijivu akakaa masika matatu, akaaga, mashine ikabaki. Akaja wa pili, mwekundu, akakaa matatu, naye akaaga. Leo amefika mwingine, mweupe pe!

"Karibu sana, mwekezaji!" Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, alinguruma. "Masika matatu hutagusa koleo!"

"Asante, Mzee. Uchumi wenu utakua mpaka mshangae." Kifaru mweupe akapanda ngazi ya mashine.

Ubao wa tatu wa ngazi ile ulikuwa umeoza, na yeyote asiyeijua ngazi aliukanyaga akaanguka. Huyu akauruka bila hata kutazama chini.

Digidigi alibaki mdomo wazi. Amejuaje? Miaka yote hii! Na yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuwashinda wote!

Akatabasamu. "Shikamoo, Mzee Nyati. Mgeni mkubwa hivi tumkaribishe kwa maneno matupu? Tumwogeshe!"

"Mimi? Aa, nimeoga jana!" Kifaru akarudi nyuma.

"Jamani, anatukataa!" Digidigi akapaza sauti. "Basi si mgeni wetu huyu. Apewe koleo!"

Kifaru akasimama. "Haya... kidogo tu, basi."

Digidigi akatimka nyumbani, akaleta mtungi wake wa mwisho wa maji. Wanawe walikuwa hawajanywa tangu asubuhi.

Chwaaa!

Chokaa ikachuruzika. Chini yake, udongo mwekundu! Digidigi akasugua kwa dodoki, kwaru kwaru kwaru, wekundu nao ukashuka. Chini yake, kijivu.

Mzee Nyati akakaa chini, puu! "Ni yuleyule! Miaka yote ni yuleyule!"

Wanakijiji wakasogea kumtazama. Wengine walilia.

"Nitaondoka na mashine yangu!" Kifaru akafoka.

"Ondoka," Digidigi akamwambia. "Huko ng'ambo kuna alizeti?"

Hakukuwa na hata shina moja, na Kifaru alilijua hilo.

Siku hiyohiyo alishika koleo kuuziba ukingo wa lambo mbele ya kijiji kizima, na vijana wa Mbugani wakaanza kufundishwa kuiendesha mashine. Digidigi akauinamisha mtungi, yakatoka mafunda mawili, akawapa wanawe. Masika yalipokuja, lambo lilijaa hadi ukingoni.

Basi, watoto, mgeni anayekunywa maji yenu na akae, lakini naye ashike koleo.